Nani Alituambia Mbwa Lazima Awe Kali?

Mtaani kwetu, karibu kila geti lina maneno mawili: MBWA KALI. Mengine yamechorewa kichwa cha mbwa, meno nje. Mwalimu wa Kiswahili angetaka "mkali", lakini bango halikuandikwa kwa ajili ya mtihani. Limeandikwa ili upite mbali. Na ukichungulia ndani, mara nyingi utampata huyo kali amefungwa mnyororo tangu asubuhi, sufuria ya maji imekauka, anangoja giza ndio afunguliwe.

Nimekuwa nikijiuliza fikra hii ilitoka wapi: kwamba mbwa hafunziki mpaka umvunje kwanza, na kwamba ukimpa kitu kitamu kwa kutii umemdekeza. Tunaitamka kama hekima ya mababu. Lakini mababu wengi walikuwa na mbwa wa kuwinda na wa kuchunga, kazi ambayo mbwa anayekuogopa haiwezi. Somo la kumvunja mbwa lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imevaa yunifomu.

Mwaka 1910, Konrad Most, Mjerumani aliyefunza mbwa wa polisi, alichapisha mwongozo wake. Most hakuwa mjinga. Alielewa mapema kwamba kitendo kinachofuatwa na kitu kizuri hurudiwa, na kinachofuatwa na maumivu huachwa. Ila kwake, kati ya mtu na mbwa lazima apatikane mshindi, na mshindi ni mtu. Fimbo na kola yenye miiba zilikuwa sehemu ya somo. Kisha vita viwili vya dunia vikapita, na waliofunza mbwa wa jeshi wakaanza kufunza mbwa wa raia. Mmoja wao, Mmarekani William Koehler, alitoa kitabu mwaka 1962, na kwa miaka mingi madarasa ya mbwa huko Marekani yalifuata njia yake: mnyororo shingoni, na mvuto wa ghafla kwa kila kosa.

Kulikuwa pia na sayansi ya kuunga mkono, au hivyo ndivyo watu walidhani. Mwaka 1947, Rudolf Schenkel wa Uswisi aliandika kuhusu mbwamwitu wa Ulaya waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, jinsi walivyogombania ukubwa. Mmarekani L. David Mech akalieneza wazo hilo kwa kitabu chake cha 1970. Hapo ndipo neno "alfa" lilipata miguu: mbwa wako anataka kukupindua, mwonyeshe nani ni boss. Baadaye Mech alikwenda kuwatazama mbwamwitu huru kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada. Mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Hakuna aliyepigania urais. Mech alitumia miaka akimwomba mchapishaji aache kukitoa kitabu chake mwenyewe. Yaani tulikuwa tumejifunza tabia za Wakenya kwa kuangalia selo ya polisi.

Njia nyingine ilikuwepo muda huo wote. Miaka ya 1940, Keller na Marian Breland, mke na mume, walikuwa wanafunzi wa B. F. Skinner katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Skinner alikuwa ameonyesha kwamba mnyama hujifunza haraka akipata tuzo papo hapo, hatua moja ndogo baada ya nyingine. Wawili hao wakaacha masomo na kufungua kampuni ya kufunza wanyama: kuku, bata, nguruwe, sungura. Sasa hebu jiulize, kuku utamtisha vipi hadi acheze piano? Ukimpiga atakimbia, na hapo somo limekwisha. Kwa hiyo wakatumia sauti fupi, "tik", kumwambia mnyama: hapo hapo, hicho ulichofanya sasa hivi ndicho. Kisha chakula. Mwaka 1951 Skinner mwenyewe aliandika makala kwa wasomaji wa kawaida akieleza jinsi ya kumfunza mbwa hivyo, nyumbani, kwa kidude cha kuchezea watoto.

Wenye mbwa wengi hawakushtuka. Ilibidi pomboo waingie. Kuanzia 1963, Karen Pryor alifunza pomboo huko Hawaii. Pomboo humfungi kamba, na ukimkasirikia anaogelea upande wa pili wa bwawa. Umebaki na filimbi, samaki na subira. Kitabu alichotoa mwaka 1984 kiliwafikia watu wa mbwa, na miaka ya 1990 ile "tik" ikaenea.

Ukidhani haya ni mambo ya wazungu wenye muda mwingi, vuka mpaka hadi Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa vilipuzi na kifua kikuu. Panya anasikia "tik", anapata ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia na hadi anastaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka uliotangulia alikuwa amepewa medali ya dhahabu nchini Uingereza. Watu walikanyaga ardhi ile wakitegemea pua ya panya. Hakuna aliyemchapa ili awe makini.

Ninapowaeleza watu haya, jibu huwa lile lile: "Bila kiboko hasikii." Nalijua jibu hilo kwa sababu sisi tulilelewa nalo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, lakini kila mabweni yakiungua, kuna mtu mkubwa anayesimama kudai virudishwe. Mtoto si mbwa, na silinganishi. Ninacholinganisha ni sisi tulioshika fimbo. Tunaona kimya tunakiita adabu. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hajaacha kuogopa, ameacha tu kuonya. Siku nyingine ataruka moja kwa moja kwenye mguu wa mtoto wa jirani, na sote tutasema "ameuma bila sababu."

Mbwa wangu anaitwa Chapo, koko halisi, rangi ya chapati iliyoungua kidogo. Kumfunza kuketi hakukuhitaji nguvu. Unashika kipande cha nyama juu ya pua yake, unakirudisha nyuma taratibu. Kichwa kinapanda, makalio yanashuka. Yakigusa chini tu, unabonyeza biro, "tik", unampa. Akikurukia ukitoka job, unageuka na kumnyima macho. Miguu yote minne ikiwa chini, anapata salamu. Dakika tano kwa siku, si zaidi. Si muujiza. Wale Breland wenyewe waliandika mwaka 1961 kwamba silika hushinda tuzo wakati mwingine, na Chapo bado hubwekea kila bodaboda.

Soja wetu wa usiku, mzee mpole kutoka Kitui, alitazama haya wiki mbili bila neno. Siku moja akaniita.

"Kijana wangu, sasa ukikosa nyama?"

"Mzee, hata ugali anaketi. Akishajua, humpi kila mara. Unampa mara moja moja, anaendelea kujaribu bahati."

"Kama watu wa kubeti."

"Kabisa, mzee."

Akacheka, akatikisa kichwa, akarudi kibandani kwake. Jioni iliyofuata nilipofika getini hakunisikia. Alikuwa ameinama, mkono mmoja mgongoni, mwingine umenyanyua tonge la ugali, anangoja makalio ya Chapo yaguse chini.