Bihar, India: wa mjini na wa kijijini hawasomi sawa

Wadau, tukisikia India wengi tunawaza hospitali za Chennai na wataalamu wa kompyuta wa Bangalore. Lakini India ni kubwa bwana. Kuna jimbo linaitwa Bihar, linapakana na Nepal, na huko mambo ni tofauti kabisa.

Sensa ya 2011 ilikuta watu zaidi ya milioni 104 Bihar, karibu tisa kati ya kumi wakiishi vijijini. Waliojua kusoma na kuandika mijini walikuwa asilimia 77 hivi, vijijini 60. Kwa wanawake ndio usiseme: mjini 70, kijijini 49 tu. Yaani hata nusu hawafiki!

Sababu ni nini?

Kwanza, umbali. Shule ya msingi iko karibu, lakini sekondari mara nyingi iko kijiji kingine, na mzazi anaogopa kumwachia binti atembee peke yake.

Pili, twisheni. Patna, makao makuu ya jimbo, imejaa vituo vya kuwaandaa vijana kwa mitihani ya vyuo vya uhandisi. Wa kijijini mpaka apange chumba mjini. Mwaka 2002 mwalimu Anand Kumar alianzisha Super 30, kufundisha vijana 30 maskini bure kila mwaka. Safi sana, ila thelathini kati ya mamilioni ni tone baharini.

Tatu, sheria yenyewe. Tangu Aprili 2010 elimu ni bure na lazima kwa mtoto wa miaka 6 hadi 14. Sasa sekondari inaanza darasa la 9, umri huo huo wa 14. Sheria inaishia pale pale safari inapokuwa ndefu.

Mwaka 2006 serikali ya Nitish Kumar ilianza kuwapa wasichana wa darasa la 9 hela za kununua baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda asilimia 32, hasa vijiji vilivyo mbali na shule. Kwa hiyo ile hadithi kwamba watu wa kijijini hawapendi elimu, tuiache.

Ila waliofaulu mtihani wa mwisho waliongezeka asilimia 12 tu. Baiskeli inamfikisha mtoto getini. Kufundishwa akishaingia darasani, hiyo ni kazi nyingine, na bado ipo.