Vifurushi Viwili: Ufungaji wa Programu Huria na Mchangiaji wa Kasulu

Kasulu na Kibondo, wilaya za mkoa wa Kigoma, ukitaja kifurushi watu huelewa bando la simu: la saa, la siku, la wiki. Kwa watunzi wa programu huria, kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na maelekezo ya kuijenga na kuisakinisha. Hoja yangu ni kwamba anayefunga hiki cha pili bila kumfikiria mwenye kile cha kwanza anauacha uhuria kwenye leseni tu.

Umeme wa gridi ya Taifa ulifika wilaya hizi mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Kompyuta sasa inaweza kuwaka kutwa. Data ndiyo bado hupimwa kwa shilingi.

Mchukulie mwanafunzi wa Kasulu aliyeona tafsiri mbovu kwenye menyu ya programu huria. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utoe Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, Kiswahili kimehitaji wasahihishaji wa namna hiyo, hata wasiojua kuandika programu. Kosa ni la neno moja, lakini anaelekezwa anakili hazina nzima ya msimbo kwa git, zana ya kutunza historia ya msimbo. Mtandao ukikatika katikati ya unakili huo wa kwanza, git haiendelei ilipoishia: kazi huanza upya, na bando lililoliwa limeliwa. Akifaulu, anakuta kila kundi la watunzi lina desturi yake. Hapa viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, hutunzwa kwa zana ya quilt, pale vimeunganishwa kwenye tawi la git, kwingine hazina ina saraka ya maelekezo bila msimbo wenyewe. Neno lake bado halijaguswa.

Ugumu huu si wa lazima. Katika Debian, mfumo endeshi huria, faili la rules linaloongoza ujenzi wa kifurushi lilikuwa na makumi ya mistari, ambayo watu waliinakili kutoka kifurushi hadi kifurushi. Mwaka 2008 toleo la 7 la debhelper, zana ya kurahisisha ujenzi huo, lilileta amri ya dh, na mistari mitatu ikatosha: wa kwanza unaita make, wa pili ni alama ya asilimia na nukta mbili, wa tatu unaita dh. Leo msimamizi huongeza pale tu kifurushi chake kinapotofautiana na vingine.

Wapo wanaotetea ugumu kama chujio, kwa kuwa kifurushi husakinishwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya kompyuta. Hofu yao ni ya haki. Lakini chujio hilo hupima subira na mfuko, halipimi uaminifu. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu huria ya kubana data, baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kunachelewa takriban nusu sekunde. Aliyeupenyeza alikuwa amevumilia zaidi ya miaka miwili akijenga imani. Tena, kipande kilichouwasha hakikuwamo kwenye hazina ya git. Kilikuwa katika faili la toleo, ndani ya hati za ujenzi zisizosomwa na wengi. Utata ndio uliomficha.

Kwa hiyo napendekeza hazina ziwe na umbo moja, na unakili mfupi, usiobeba historia yote, uwe agizo la kwanza kwa mgeni. Majaribio nayo yafanyike kwenye seva. Salsa, jukwaa la hazina za git la Debian tangu 2018, tayari huruhusu kuhariri faili ndani ya kivinjari na kuacha seva ijenge kifurushi. Mradi ukiwasha huduma hiyo na kuieleza kwa Kiswahili chepesi, kinachosafiri kutoka Kibondo ni neno lililosahihishwa, na mamia ya megabaiti yanabaki kwenye seva.