Upimaji, Mkondo na Duru: Historia ya Majina Matatu katika Uundaji wa Programu za Kompyuta

Kila jina la kazi lina historia yake. Lilitungwa na watu waliokuwa na shida fulani, mahali fulani, katika mwaka fulani. Mfasiri asiyeijua historia hiyo huweza kutoa neno la Kiswahili lililo fasaha, na bado likampotosha msomaji. Hatari hii ni kubwa zaidi katika lugha ya kompyuta, kwa kuwa majina yake mengi ni ya mafumbo, na mafumbo hayo yamechukuliwa kutoka katika michezo, mito na wanyama.

Makala haya yanakusudia kueleza chimbuko la majina matatu yanayohusu namna programu za kompyuta zinavyoundwa, na kisha kupendekeza jinsi ya kuyataja kwa Kiswahili. Jambo hili si la wataalamu wa mitambo peke yao. Tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, haja ya kuandika mikataba, kanuni na taarifa za Serikali kwa Kiswahili imezidi. Mkataba wa kununua mfumo wa kompyuta ni mkataba wa fedha za umma. Neno moja lililotumiwa ovyo ndani yake laweza kumruhusu muuzaji kuikabidhi ofisi kitu ambacho hakikupimwa.

KUTAFUTA KOSA NA KUPIMA

Kompyuta iitwayo EDSAC ilianza kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwezi Mei 1949. Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wake, alieleza baadaye kwamba katika siku hizo za mwanzo alitambua kuwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingepita akitafuta makosa katika programu alizoziandika yeye mwenyewe. Wakati huo kupima na kusahihisha vilikuwa kazi moja. Mwandishi aliiendesha programu yake, ikakwama, akaitengeneza, akaiendesha tena.

Kosa la namna hiyo huitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya mdudu. Aghalabu husimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na nondo aliyekutwa ndani ya mashine ya Harvard Mark II tarehe 9 Septemba 1947. Nondo huyo alikuwapo kweli, lakini Thomas Edison alikwisha kulitumia neno hilo kwa maana ya hitilafu za mitambo katika barua ya mwaka 1878. Kisa kitamu si lazima kiwe ndicho asili ya neno. Kwa Kiswahili maneno kasoro na hitilafu yatosha, wala hapana haja ya kumwingiza mdudu katika nyaraka za Serikali.

Mwaka 1957 Charles Baker alitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa: kuhakikisha kwamba programu inakwenda, na kuhakikisha kwamba inaitatua shida iliyokusudiwa. Mwaka 1969, katika mkutano uliofanyika Roma, Mholanzi Edsger Dijkstra alitoa hoja ambayo imekuwa kama msingi wa taaluma hii: upimaji waweza kuonyesha kuwa kasoro zipo, lakini hauwezi kamwe kuthibitisha kuwa hazipo. Glenford Myers akaiendeleza fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliposema kuwa mtu hupima kwa nia ya kuyafichua makosa. Kwa hiyo neno lililoanza kwa maana ya kuonyesha kuwa kitu kinafanya kazi liligeuka likawa na maana ya kukitafuta mahali kinaposhindwa.

JINA LA MAPOROMOKO

Mwezi Oktoba 1968 kamati ya sayansi ya NATO iliitisha mkutano katika mji wa Garmisch, uliokuwa katika Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Waliohudhuria walikubaliana kwamba hali ilikuwa mbaya: programu zilizidi kuwa kubwa, zilichelewa, ziligharimu kuliko ilivyokadiriwa, na zilipokabidhiwa zilikuwa na kasoro nyingi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, Winston Royce aliwasilisha makala katika mkutano wa wahandisi huko Los Angeles. Ndani yake kulikuwa na mchoro wa hatua saba zilizoshuka kama ngazi: mahitaji ya mfumo, mahitaji ya programu, uchambuzi, usanifu, uandishi, upimaji na uendeshaji. Wengi walioutazama mchoro huo hawakuyasoma maneno yaliyoufuata. Royce mwenyewe alionya kuwa kufuata ngazi hizo kwa namna hiyo sahili ni hatari, kwa sababu upimaji huja mwishoni, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza huonekana jinsi mashine inavyokwenda kwa vitendo. Ikishindwa, kazi hurudi mwanzo, na gharama au muda waweza kuongezeka maradufu. Kwa mfumo mpya alishauri kazi ifanywe mara mbili, ili ile ya kwanza iwe ya kujifunzia.

Royce hakulitumia jina la maporomoko ya maji. Jina hilo lilionekana mwaka 1976 katika makala ya Bell na Thayer, nalo likaenea. Ubaya wa fumbo hili ni kuwa maji ya maporomoko hayapandi tena juu, na hivyo jina likakitia nguvu kile ambacho Royce alikuwa amekionya. Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kanuni za ununuzi wa programu ambazo wakandarasi wengi walizielewa kuwa zinaamuru mwendo huo wa upande mmoja. Mwaka 1994 kanuni hizo ziliondolewa, zikaletwa nyingine zilizoruhusu waziwazi kazi ifanywe kwa mafungu.

JINA LA WEPESI

Yafaa ikumbukwe kwamba kazi ya duru fupi ilikuwapo kabla ya jina la maporomoko. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, walioandika programu za mradi wa Mercury, uliowarusha Wamarekani wa kwanza angani, walifanya kazi kwa vipindi vya nusu siku, nao walitayarisha vipimo kabla ya kuandika programu yenyewe. Kazi ilikuwapo bila ya jina.

Majina yalikuja baadaye. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika juu ya makampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox, wakayalinganisha makundi yake ya mafundi na timu ya raga inayosonga mbele kwa pamoja huku wachezaji wakipasiana mpira. Kutokana na fumbo hilo, Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliuita utaratibu wao skramu, nao ulitangazwa katika mkutano wa mwaka 1995. Kent Beck, kwa upande wake, aliitwa mwaka 1996 kusaidia mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler. Huko alisisitiza kuwa kila sehemu ya programu iandikiwe kipimo chake, na vipimo vyote viendeshwe kila siku. Mwaka uliofuata, wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, yeye na Erich Gamma waliandika chombo kiitwacho JUnit, ambacho kiliirahisisha kazi hiyo na kikaigwa katika lugha nyingi za kompyuta. Mfumo wa Chrysler ulilipa watu wapatao 10,000, lakini mwezi Februari 2000 mradi wenyewe ulisimamishwa. Upimaji hugundua kasoro za programu. Hauwezi kuziondoa tofauti za wenye mali.

Tarehe 11 hadi 13 Februari 2001, watu 17 walikutana Snowbird, katika milima ya Utah. Hapo awali njia zao ziliitwa nyepesi, kwa maana ya kutokuwa na uzito. Mmoja wao, Alistair Cockburn, alisema kuwa njia kuitwa nyepesi si neno, ila yeye mwenyewe hakupenda aonekane mtu asiye na uzito. Wakachagua jina lingine, ambalo Waingereza hulitumia kwa mnyama au mtu awezaye kugeuka upesi bila kujikwaa, na ambalo watumishi wetu wengi hulitamka ajaili. Martin Fowler, Mwingereza, alikuwa na wasiwasi kwamba Wamarekani wengi hawajui kulitamka.

Tamko lao lina maadili manne na kanuni kumi na mbili. Linaitanguliza programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi, na kuitikia mabadiliko mbele ya kung'ang'ania mpango. Lakini msomaji akilisoma lote hatalikuta neno upimaji hata mara moja. Kwa wale waliokuwapo, jambo hilo lilikuwa wazi mno kiasi kwamba halikuhitaji kutajwa, kwani programu isiyopimwa haiwezi kujulikana kuwa inafanya kazi. Kwa wale waliolipokea jina kutoka mbali, ukimya huo umekuwa mtego: wamechukua wepesi, wakaacha kipimo.

MFANO WA MAREKANI

Idara ya Upelelezi ya Marekani, FBI, ilijaribu kuondokana na majalada ya karatasi. Mradi wake wa kwanza uliachwa mwaka 2005 baada ya kutumia dola milioni 170. Mwaka 2006 ulianzishwa mradi mwingine, Sentinel, ambao bajeti yake ilifikia dola milioni 451. Kufikia mwaka 2010 zilikuwa zimetumika dola milioni 405, na kati ya awamu nne ni mbili tu zilizokabidhiwa. Idara ikaichukua kazi mikononi mwake, ikaunda kikosi kidogo, nacho kikafanya kazi kwa duru za wiki mbili mbili.

Novemba 2011 watumishi mamia kadhaa walialikwa kuutumia mfumo kwa wakati mmoja, nao ukazimika. Ikabainika kuwa mashine zilizokuwapo hazikutosha, na uzinduzi ukaahirishwa. Mfumo ulianza kutumika kwa idara nzima mwezi Julai 2012. Duru fupi ziliharakisha kazi, lakini kipimo ndicho kilichozuia idara nzima isisimame siku ya kwanza.

UCHAGUZI WA MANENO

Sasa tuyageukie maneno yetu. Neno wepesi lina maana zaidi ya moja: kutokuwa na uzito, kasi, na urahisi. Ofisa akisoma kuwa mkandarasi atatumia "njia nyepesi", atadhani kazi ni rahisi au itakwisha haraka. Hili ndilo pingamizi lile lile lililotolewa Snowbird. Unyumbufu ni bora zaidi, ila huonyesha kupindika tu, wala hauonyeshi utaratibu. Twapendekeza basi nyaraka rasmi ziitaje kazi badala ya fumbo: utaratibu wa duru fupi. Neno duru limezoeleka katika uchaguzi na katika mashindano, nalo hubeba wazo la kurudia na kuanza upya.

Ama maporomoko, wako wanaoyatafsiri kuwa utaratibu wa "hatua kwa hatua". Tafsiri hii ina hatari, kwa kuwa kwa Kiswahili kwenda hatua kwa hatua ni sifa ya mtu mwangalifu, yaani karibu kinyume cha kile Royce alichokionya. Mkondo mmoja ni jina lisilosifu wala kulaumu, nalo laonyesha kuwa hakuna kurudi.

Neno lenye uzito zaidi ni la tatu. Majaribio kwa kawaida yetu ni kipindi: mtumishi huajiriwa kwa majaribio, na huduma hufunguliwa kwa majaribio hali wananchi wamekwisha anza kuitumia. Mkataba ukisema tu kuwa mfumo "utakuwa katika majaribio kwa miezi mitatu", muuzaji aweza kudai kuwa wananchi wenyewe ndio watakaougundua ubovu. Kupima ni tofauti. Fundi mwashi haisubiri siku ya kuezeka ndipo aishike timazi. Huishika katika kila safu ya matofali, kwa sababu ukuta uliopinda chini hauwezi kunyooshwa juu. Neno upimaji litumike kwa kazi hii, kipimo kwa kila kimoja cha vitendo vyake, na majaribio yaachiwe kipindi cha matumizi ya awali. Mkataba uandike wazi kuwa kila duru itakwisha kwa upimaji, na utaje nani atakayepima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Miaka zaidi ya hamsini ya historia tuliyoieleza hapa imeyathibitisha maneno hayo kwa gharama kubwa. Mfasiri hawezi kuuziba ufa wa programu, lakini aweza kuhakikisha kuwa mkataba unamlazimisha mwenye kujenga autafute mapema, na kwamba ofisa atakayetia sahihi anaelewa kwa lugha yake ni nini hasa anachonunua.