Asili ya Biashara Ndogo Ndogo Kajiado na Kitengela

Duka haliwi duka pasipo wapitao mlangoni. Kajiado ilipata wateja kwa reli iendayo Magadi, iliyojengwa baada ya kampuni ya magadi kuanzishwa mwaka 1911. Kitengela ilikuwa malisho. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ranchi za vikundi, ambazo baadaye ziligawanywa, wanachama wakapata hati zao. Tangu mwaka 1990 viwanda vya kuuza bidhaa ng'ambo viliongezeka jirani, Athi River; wafanyakazi wakatafuta vyumba na chakula, vibanda vikawa maduka. Hivyo njia, hati na mishahara ndivyo vilivyokuza biashara. Walakini, auzaye ardhi apate mtaji, kisha akaula mtaji, hubaki hana ng'ombe wala duka. Mali bila daftari hupotea bila habari.