Amri na Tokeo Lake: Historia Fupi ya Dhana Moja ya Kompyuta

Dhana isipofahamika asili yake, huundiwa istilahi potofu. Mfasiri akiandika “ubadilishaji wa amri”, msomaji atadhani kwamba amri yenyewe hugeuzwa. Historia yaonyesha vingine.

Mwaka 1973, katika maabara ya Bell nchini Marekani, Ken Thompson alitia ndani ya Unix njia ya kuunganisha programu, kufuatia rai ya Doug McIlroy. Tokeo la programu moja likawa malighafi ya nyingine. Lakini njia hiyo haikuwezesha tokeo kutiwa katikati ya maneno ya amri nyingine. Pengo hilo lilizibwa na programu ya kupokea amri aliyoiandika Stephen Bourne, iliyotoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Humo, amri iliyo kati ya alama ` ` hutekelezwa kwanza, kisha tokeo lake hukaa mahali pake. Tukiandika siku=`date`, kigeu siku hubeba tarehe yenyewe, wala si neno date.

Alama hizo ziliwatatiza waliotaka kutia amri ndani ya amri. David Korn, ambaye programu yake ilitangazwa mwaka 1983, akaleta umbo $(date), lililoingizwa katika kanuni za POSIX mwaka 1992.

Awk, lugha ya kuchambua matini iliyobuniwa na Aho, Weinberger na Kernighan mwaka 1977, ilishika njia yake. Toleo la 1985 liliiwezesha kusoma tokeo la amri hivi: "date" | getline siku. Toleo la nne la System V, la 1989, liliongeza -v, ili kigeu kipewe thamani kutoka nje kabla ya kazi kuanza: awk -v siku="$(date)".

Hapa pana dhana mbili. Umbo la Bourne na Korn huchukua tokeo lote, likiacha tu alama za mstari mpya zilizo mwishoni. Getline husoma mstari mmoja kwa kila mwito. Mwanafunzi asiyetenganishiwa mambo haya atapoteza mistari ya taarifa yake bila kujua sababu.

Kwa hiyo twapendekeza:

tokeo badala: tokeo linalowekwa mahali pa amri iliyolizaa;

tokeo somwa: tokeo linalosomwa mstari kwa mstari na kutiwa katika kigeu.

Twawakaribisha wafasiri na walimu watoe maoni yao.