Kumsoma Pweza Bondeni: Utetezi wa Matini ya Kweli katika Usomaji wa Awali

Andika neno taa ubaoni katika darasa la Gredi ya Kwanza hapa Bondeni, kisiwani Mombasa, kisha uulize ni kitu gani. Mtoto mmoja atanyosha kidole juu kwenye balbu. Mwingine, ambaye mjomba wake hushuka baharini, atamfikiria samaki bapa mwenye mkia kama mjeledi. Wote wawili wamesoma sawasawa, kwani silabi ta na a hazikumshinda yeyote. Lakini jibu la swali halimo ndani ya silabi. Kaa nalo ni hivyo hivyo: ni amri ya kuketi, ni kipande cha moto jikoni, ni mnyama aendaye ubavu. Kamba hufunga mtumbwi, na kamba huliwa kwa wali.

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na neema hiyo ina mtego wake. Mtoto akishazishika silabi huweza kuutamka ukurasa mzima, mwalimu akaridhika, na asiwe ameelewa chochote. Watoto wengi wa Bondeni hufika shuleni wakiwa wamekwisha kuonja chuo cha Kurani, ambako wamezoea kusoma kwa sauti lugha wasiyoifahamu. Kisomo hicho kina adabu zake na makusudio yake, wala sikikosoi. Ninachosema ni kwamba mazoea hayo yakihamia kwenye Kiswahili, lugha ambayo mtoto anaiota usiku, huwa ni hasara tupu.

Dawa ninayoitetea ni matini ya kweli kuhusu viumbe wa bahari, itumike tangu mwanzo, si kusubiri mtoto akomae. Sababu yangu kuu si kwamba watoto wanapenda wanyama, ingawa wanawapenda. Ni kwamba matini ya kweli inaweza kukosea. Sungura akimhadaa fisi, hakuna mtoto awezaye kusema si kweli, hadithi haishitakiwi. Lakini kitabu kikisema pweza ana minyiri minane, msomaji wa miaka sita anaweza kwenda Soko la Samaki akaihesabu, au amsimamie muuza supu ya pweza na kumuuliza. Siku atakayorudi darasani na kubishana na kitabu ndiyo siku aliyoanza kusoma.

Wataalamu wameligusa suala hili kwa njia nyingine. Mwaka 2000 Nell Duke alichapisha utafiti wake wa madarasa 20 ya mwaka wa kwanza katika eneo la Boston: matini za maarifa zilipata wastani wa dakika 3.6 tu kwa siku. Kabla yake, mwaka 1988, Donna Recht na Lauren Leslie walionyesha kwamba wanafunzi dhaifu wa kusoma walioujua mchezo wa besiboli waliielewa habari ya mchezo huo kuliko wasomaji hodari wasioujua. Besiboli haituhusu. Kinachotuhusu ni swali linalofuata: watoto wa kisiwa hiki wanajua nini tayari? Mpango wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia 2015, ulijitahidi kumpa kila mtoto kitabu chake, na hilo halikuwa dogo. Mtaala wa Umilisi wa 2019 nao unahimiza mtoto ajifunze kutokana na mazingira yake. Kwetu, mazingira hayo yana chumvi.

Hata kwa fundi wa silabi, bahari ni ngazi iliyokwisha kujengwa. Chini kabisa wapo papa, kasa, kaa na taa. Kidogo juu yao ni chewa, changu na ngisi. Halafu anakuja pweza na pw yake, mkunga na mk yake, nyangumi na ny yake. Juu kileleni nguva na ng'amba wanakaa bega kwa bega, na kitone kile cha ng' kinapata maana: ukikiacha, umemtaja kiumbe asiyekuwepo. Sarufi nayo inasaidia, maana sentensi zinajirudia bila kuchosha: pweza ana mioyo mitatu, pweza ana damu ya buluu, pweza hana mfupa.

Watetezi wa hadithi watasema tunawanyima watoto paukwa pakawa. Sioni ugomvi hapo. Katika mkusanyiko wa Edward Steere wa 1870 kuna kisa cha papa aliyemlaghai kima ili aupate moyo wake. Msimulie mtoto kisa hicho, kisha umpe ukurasa wa pweza mwenye mioyo mitatu, usikie maswali yatakayokuja. Pingamizi zito zaidi ni kwamba watoto wengi wa Bondeni ya leo si wa wavuvi, na baadhi wamezaliwa na wazazi waliotoka bara. Ni kweli. Lakini soko halimuulizi mtu kabila, na asiyemjua changu leo anaweza kumjua kesho kwa mwendo wa miguu.

Hatari ninayoiona mimi ni nyingine: vitabu hivi kuandikwa na watu waliomwona pweza pichani tu. Kile tunachokiita kichwa cha pweza, au kitwa kwa Kimvita, ni kiwiliwili chake, na mioyo yote mitatu imo humo. Mvuvi anayekipindua kila siku anajua kilichomo, hata kama jina analolitumia si la mwanasayansi. Mtaalamu ana jina, mvuvi ana mkono, na mtoto anawahitaji wote wawili. Kwa hiyo ombi langu kwa wachapishaji na waandaaji wa mtaala ni dogo: kabla ukurasa wa pweza haujakwenda mtamboni, teremkeni nao sokoni, mumsomee mvuvi kwa sauti, na atakapotikisa kichwa mkaufute.