Chakula na Malazi ya Nyungunyungu

Katika karne ya 19 watunza bustani wengi wa Uingereza waliwahesabu nyungunyungu kuwa waharibifu, wakawaua kwa maji ya chokaa. Aliyewatetea kwa hoja ni Charles Darwin. Mwaka 1837 alikisomea Chama cha Jiolojia cha London makala, akieleza ya kuwa chokaa na makaa yaliyotawanywa katika malisho ya mjomba wake yalikuwa yamefunikwa na udongo ulioletwa juu na nyungunyungu. Wengine hawakusadiki. Mwaka 1869 mtu mmoja alimpinga, kwa kuwa viumbe wadogo na dhaifu namna hiyo, kwa maoni yake, hawakuiweza kazi kubwa kama hiyo.

Basi Darwin aliwaweka nyungunyungu chumbani mwake, katika vyungu vilivyojaa udongo, akawachungulia usiku. Alipowapa majani ya namna nyingi kwa pamoja, yale ya karoti yaliwapendeza kupita ya kabichi. Nanaa waliionja tu, na kitunguu kilichozikwa walikitafuta mpaka wakakipata. Hata muziki walipigiwa, wala hawakujali. Aliona pia ya kwamba hawana meno, bali husaga chakula katika firigisi kwa vijiwe wanavyovimeza, kama kuku. Tena hutandika mashimo yao kwa majani; alipowawekea vipande vya karatasi vilivyopakwa mafuta, wakavivuta vilevile. Kitabu chake juu ya mambo haya kilitoka mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa kwake.

Lakini nyungunyungu wa Darwin ni wakaao ardhini na kuchimba chini sana. Wafaao kufugwa sandukuni ni wengine, wale wekundu wadogo waonekanao katika samadi na majani yaozayo. Hao hawahitaji sanduku la udongo, bali malazi mepesi yapitishayo hewa. Mwanamke wa Marekani, Mary Appelhof, aliyepata kuwa mwalimu wa elimu ya viumbe, aliwaweka chini ya nyumba yake mjini Kalamazoo mwaka 1972, maana wakati wa baridi kali hakuweza kuozesha mabaki ya jikoni nje. Mwaka 1982 alitoa kitabu kilichowafunza watu wengi kazi hiyo.

Malazi yake yalikuwa magazeti yaliyochanwa, yakaloweshwa kwa maji yenye uzito mara tatu ya karatasi. Nyungunyungu huvuta hewa kwa ngozi, na ngozi ikikauka hufa. Lakini malazi yakitota hewa hukosekana, nao hutoroka. Kisha huongezwa konzi ya udongo kwa ajili ya ile firigisi. Kwa kila ratili ya mabaki ya siku moja, alishauri ratili mbili za nyungunyungu. Mfugaji mwenye pupa ndiye apataye hasara hapa: chakula kikizidi huchacha na kupata joto, na sanduku zima laweza kufa kwa siku chache. Hufukiwa kidogo kidogo, leo pembe hii, kesho pembe ile, nzi wasikione.

Karatasi nayo huliwa. Baada ya miezi michache malazi yamegeuka mboji nyeusi. Basi husukumwa upande mmoja, malazi mapya yakatandikwa upande wa pili, na chakula kikawekwa huko tu. Nyungunyungu huhama wenyewe, polepole, wakaiacha mboji tayari kwa bustani.